Albamu Ilitoka na Jina Lake, Lakini Vidole Havikuwa Vyake: Stori ya Dinu Lipatti

Cheki hii stori kwanza. Lebo kubwa ya Uingereza, EMI, inatoa rekodi ya mpiga piano ambaye alifariki kitambo. Jina kwenye jalada ni Dinu Lipatti, msee wa Romania. Ngoma ni koncheto ya kwanza ya Chopin. Mashabiki wanainunua, wanaisifu, wanaiweka kwenye rafu kando ya zile zingine zake. Miaka inapita na hakuna mtu anauliza swali. Halafu 1981 redio ya BBC inaicheza hewani, na kuna msikilizaji mwenye masikio makali anasema ngoja, hii kitu nimeisikia mahali. Inatolewa rekodi nyingine ya zamani iliyotengenezwa Czechoslovakia. Wanacheza moja, wanacheza ile nyingine. Manze, ni kitu kimoja, pumzi kwa pumzi.

Aliyekuwa anapiga hakuwa Lipatti hata kidogo. Alikuwa mwanamke wa Poland anaitwa Halina Czerny-Stefańska, na wakati huo alikuwa hai kabisa, anaendelea na maisha yake.

Najua unajiuliza: lebo kama hiyo, yenye wataalamu wa kila aina, inaingizwa box aje? Jibu fupi ni njaa. Watu walikuwa na njaa ya Lipatti. Msee aliacha rekodi chache sana, na mtu akisema amepata nyingine mahali, unataka kuamini kabla hata hujasikiza. Kwa hivyo swali la maana ni hili lingine: kwa nini alituachia kidogo hivyo? Hapo ndio stori iko.

Lakini kwanza wacha nikushow vile hii kazi inaenda, juu wengi wetu tunajua piano ya kanisa na ya studio, hii ingine tunaiona kwa sinema tu. Mpiga piano wa muziki wa klasiki haandiki ngoma zake za kupeleka kwa jukwaa. Anapiga zile Bach, Mozart, Chopin na wenzao waliandika kitambo sana, na noti zote ziko kwa karatasi. Yeye na wapinzani wake wote wanapiga kitu kilekile. Kama uliwahi kuwa kwa kwaya ya shule, unakumbuka vile shule zote zinaimba wimbo mmoja na jaji bado anawapa alama tofauti. Ni hivyo, lakini kazi yako yote, maisha yako yote.

Utasema basi si wote watasikika sawa? Piano ni mashine ya nyundo, msee wangu. Ukibonyeza yale meno meupe, nyundo ndogo yenye kitambaa inagonga waya, na baada ya hapo umeisha, sauti inaanza kufa yenyewe. Mwimbaji anaweza kuongeza pumzi katikati ya noti. Mtu wa gitaa anaweza kuvuta waya hadi ulie. Mpiga piano hana hiyo nafasi. Ana kasi ya nyundo, ana wakati wa kugonga, ana wakati wa kuachilia, na ana pedali chini ya mguu. Basi. Kutoka hapo anatakiwa akudanganye kwamba ile mashine inaimba. Wengi wanashindwa. Lipatti ndio alikuwa noma hapo: vidole kumi, na kila kimoja kina sauti yake, hiki kinabonga, hiki kinanong'ona, hiki kinangojea, na wewe unasikia vyote kwa wakati mmoja bila kimoja kumeza kingine.

Sasa turudi mwanzo. Alizaliwa Bucharest mwaka wa 1917, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mji ukiwa mikononi mwa Wajerumani. Jina kamili ni Constantin, Dinu ni la nyumbani. Budake alikuwa anapiga fidla, mathe alikuwa mpiga piano. Hata ubatizo wake ulicheleweshwa makusudi, wakangoja hadi mtoi aweze kukaa kwa piano na kuwapigia wageni kitu cha Mozart siku hiyohiyo. Na baba yake wa ubatizo alikuwa nani? George Enescu, mwanamuziki mkubwa zaidi kuwahi kutoka Romania. Ukienda huko leo, sura ya Enescu iko kwenye noti yao ya lei 5. Yaani ni kama umezaliwa na mlango tayari uko wazi.

Lakini mwili haukuwa upande wake. Alikuwa mtoto mgonjwa-mgonjwa, na hakuenda shule ya kawaida kama watoi wengine. Masomo yalimfuata nyumbani. (Mimi mwenye niliaga koleji kabla ya kumaliza, hapo nilitabasamu kidogo, ingawa mimi hakuna masomo yalinifuata keja.) Mwalimu wake wa piano, Florica Musicescu, alikuwa mkali, na ndiye alimjenga. Jina hilo liweke mahali, kwa sababu miaka mingi baadaye huyo mama alimfundisha pia Radu Lupu, mpiga piano mwingine wa Romania aliyetingisha dunia. Mwalimu mmoja, majina mawili makubwa. Walimu kama hao huwa hawatajwi.

1933 anaenda Vienna kwa shindano la kimataifa. Ana miaka 16. Anamaliza wa pili, nyuma ya Mpolandi anaitwa Bolesław Kon. Sasa kwa jopo la majaji kulikuwa na Alfred Cortot wa Ufaransa, ambaye siku hizo alikuwa mmoja wa wapiga piano wakubwa duniani. Cortot hakukubali. Kwake huyu kijana ndiye alishinda, kwisha maneno, na akatoka kwa jopo kwa hasira. Hiyo ndiyo bahati ya ajabu ya kushindwa: kama angebeba nambari moja, labda ingekuwa habari ya wiki moja. Kushindwa na Cortot akuondokee kiti, hiyo inasafiri. Mwaka uliofuata Lipatti yuko Paris, anafundishwa na Cortot mwenyewe.

Na Paris hakukaa na mwalimu mmoja. Utunzi alisoma kwa Paul Dukas. Unamjua Dukas hata kama hujui: ile katuni ya Mickey Mouse akiwa na kofia ya mchawi, fagio zinabeba maji hadi nyumba inafurika, muziki wake ni wa Dukas. Tena alikuwa na Nadia Boulanger, mwalimu ambaye miaka ya baadaye alimfundisha Quincy Jones, ndiyo, yule produsa wa Thriller ya Michael Jackson. Lipatti na Boulanger walirekodi hata walzi za Brahms pamoja, wawili kwa piano. Kwa hivyo usimwone kama msee wa kubonyeza tu. Alikuwa anatunga pia, na vizuri, na kuna watu wanaamini kama angepata miaka tungemjua kwa hilo zaidi.

Mei 1935 ndipo anapewa jukwaa lake la kwanza Paris. Siku tatu kabla ya tamasha, Dukas anafariki. Lipatti, miaka 18, anafanya nini? Anafungua na kitu hakikupangwa kufungua: wimbo wa Bach, ule wa kanisani unaopigwa sana kwa harusi, uliogeuzwa kuwa wa piano na Mwingereza Myra Hess. Ukisikia utaujua tu. Mkono wa kulia unatiririka bila kusimama kama maji, na chini yake wimbo unapita polepole. Si ngoma ya kuonyesha maringo, hata mwanafunzi wa wastani anaweza kuifikia. Aliipiga kwa ajili ya mwalimu wake. Ukumbuke huo wimbo, tutakutana nao tena.

Miaka ya Paris iliisha na vita. 1939 alirudi Romania, na Romania ikaishia upande wa Hitler. Lipatti aliendelea kupiga matamasha, hata kwa nchi zilizokuwa chini ya Wajerumani. Kuna wasomaji hilo litawakera, na wana haki. Lakini 1943 aliamua imetosha. Alirekodi na baba yake wa ubatizo, Enescu akiwa kwa fidla, kisha Septemba akatoka Romania na Madeleine Cantacuzino, mpiga piano mwenzake ambaye baadaye alikuwa mke wake. Wakafika Geneva, Uswisi. Hakurudi nyumbani tena. Conservatoire ya Geneva ikampa kazi ya kufundisha, na kutoka hapo akaanza kujenga jina upya, mtu wa miaka 26 bila nchi.

Na hapohapo ndio mwili ukaanza kukataa. Homa zinakuja, zinaenda, zinarudi. Madaktari walichukua muda kujua ni nini. 1947 jibu likatoka: ugonjwa wa Hodgkin, saratani inayoshika tezi za limfu, zile zinazosaidia mwili kupigana na magonjwa. Leo wengi wanaopata Hodgkin wanapona, juu kuna dawa za kuchanganya na miale. Miaka ya 1940 dawa hizo hazikuwa. Walikuwa na miale na maombi, kwa ufupi.

Sasa weka hizi mbili pamoja uone shida. Upande mmoja kuna msee anayeishiwa na muda. Upande wa pili ni EMI, imempa mkataba baada ya vita kupitia lebo yao ya Columbia, na produsa wake anaitwa Walter Legge, mtu ambaye hakubali kitu cha nusu. Ungedhani watakimbia warekodi kila kitu haraka. Hapana. Lipatti hakuwa wa haraka. Legge aliandika baadaye kwamba alipomwomba arekodi koncheto ya Tchaikovsky, Lipatti alisema atahitaji miaka mitatu ya kuiandaa. Ile kubwa ya Beethoven, ya tano, miaka minne. Miaka minne! Kwa ngoma ambayo wenzake walikuwa wanaipiga kila msimu bila kutoa jasho.

Unaweza kuita hiyo ukaidi. Mimi naona alikuwa anajua kitu. Hizi koncheto kila mtu anazijua, kwa hivyo ukizileta bila neno jipya umepoteza muda wa watu. Lakini sikatai, ukiangalia kalenda yake inauma. Aliomba miaka saba kwa ngoma mbili, na hakuwa na saba.

Zile alizokubali, cheki. Septemba 1947, London, studio za Abbey Road, ndizo zilezile Beatles walikuja kuzifanya maarufu: koncheto ya Grieg, na Alceo Galliera akiwa kondakta. (Kondakta wa okestra, si yule wa mat anayekudai nauli, huyu anapunga kifimbo.) Aprili 1948, hapohapo: koncheto ya Schumann, kondakta ni Herbert von Karajan. Na siku hizo kurekodi hakukuwa kama sasa unakosea mstari, unarudia, fundi anabandika. Unarekodi kwenye sahani, upande mmoja unabeba dakika nne, tano ukibana. Ngoma ya nusu saa inakatwa vipande. Ukiteleza dakika ya tatu, hiyo sahani imekwenda, mnaanza upande wote upya, watu wote wa okestra wakikuangalia. Sasa fanya hiyo ukiwa na homa.

Kama unataka kusikia alikuwa na uwezo gani wa vidole tu, tafuta ile ya Ravel aliyorekodi 1948, Alborada del gracioso. Kuna mahali noti moja inagongwa haraka-haraka hadi unadhani ni rashasha, na bado ni safi, unaweza kuzihesabu. Wapiga piano wa leo wakitajiwa hiyo rekodi wananyamaza kwanza.

Matamasha ya mbali yalikuwa yanafutwa moja baada ya nyingine. Marekani, soko ambalo lingemfanya tajiri na maarufu mara moja, hakuwahi kupiga huko hata siku moja. Kazi yake yote kubwa ya baada ya vita ilibaki Ulaya, kwa miaka minne hivi, kati ya kitanda na jukwaa.

Halafu ikaja 1950, na huo mwaka tutaenda nao polepole.

Februari alipiga Zurich na okestra, kondakta Otto Ackermann. Ngoma ilikuwa koncheto ya kwanza ya Chopin. Ndiyo, ileile ya mwanzo wa hii stori. Weka hapo.

Kisha dawa mpya ikatokea, kotisoni. Ilikuwa mpya kiasi kwamba waliohusika kuigundua walipewa Nobel mwaka huohuo. Ilikuwa adimu, na bei yake haikuwa ya mtu wa mshahara wa mwalimu. Marafiki na wapenzi wa muziki wakachanga. Harambee, kwa lugha yetu. Haikuwa tiba ya saratani, lakini ilimnyanyua: homa ikashuka, nguvu ikarudi. Kwa muda tu, na watu waliomzunguka walijua ni kwa muda.

Legge hakungoja. Badala ya kumvuta msee hadi London, alibeba mashine na mafundi akampelekea Geneva, kwa studio ya redio, Julai. Kwa siku kama kumi hivi Lipatti alirekodi sehemu kubwa ya kile tunachomjulia leo: Partita ya kwanza ya Bach, ile sonata ya Mozart yenye huzuni, ule wimbo wa Bach wa Myra Hess, na walzi 14 za Chopin. Yule mtu wa kuomba miaka minne kwa ngoma moja alitoa hizo zote ndani ya siku kumi. Kumbe zilikuwa tayari ndani. Zilikuwa zimepikwa kitambo, zilikuwa zinangoja sufuria iepuliwe.

Hizo walzi, kama hujawahi kuzisikia, usidhani ni muziki wa kulala. Walzi ni densi, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, ya watu waliovaa vizuri. Wapiga piano wengi wanaziongezea sukari hadi meno yanauma. Lipatti anaziacha zitembee. Anachelewesha kidogo mahali hukutarajia, anaharakisha mahali ungetaka abaki, na kabla ushike alichofanya ameshapita.

Agosti akapiga Lucerne na Karajan, Mozart. Septemba 16 alikuwa amealikwa tamasha la Besançon, Ufaransa, si mbali na mpaka wa Uswisi. Kufika hapo ile nguvu ya kotisoni ilikuwa imekwisha. Daktari alimwambia asiende. Madeleine alieleza baadaye kwamba kwa Dinu tamasha lilikuwa ahadi, na ahadi haivunjwi. Akadungwa sindano za kumsimamisha, akaenda. Ukumbi ulijaa, na wengi pale ndani walijua wanachoangalia.

Redio ilirekodi, kwa hivyo hatuhitaji kusimuliwa na mtu. Ukisikiza, mwanzoni kabisa, kabla ya Bach, anapitisha vidole juu ya piano kidogo tu, kama fundi anayepima mti kabla ya kukata. Halafu anaanza, na hapa ndio mimi huwa nashindwa kuelewa: hakuna kitu kinakuambia huyu mtu ni mgonjwa. Ni msafi vilevile. Bach, Mozart, kisha vipande viwili vya Schubert. Mwishoni walzi za Chopin, zote 14, kwa mpangilio aliopanga yeye. Akapiga 13. Ya mwisho mikono ikakataa.

Angeweza kuinuka ainame aende. Badala yake akapiga kitu kifupi, rahisi kwa mwili, ambacho vidole vilikuwa vimekijua tangu akiwa na miaka 18. Ule wimbo wa Bach aliofungua nao Paris siku tatu baada ya Dukas kufariki. Huo ndio ulikuwa wa mwisho kupiga mbele ya watu. Alifariki Geneva tarehe 2 Desemba 1950, wiki kumi na moja baadaye. Miaka 33.

Sasa unaelewa ile njaa. Piga hesabu: koncheto chache, sonata chache, walzi, vipande vya Bach, na Besançon. Hata siku moja ya foleni ya Mombasa Road inatosha kuzisikiza nyingi ukarudia. Beethoven karibu hakuna. Tchaikovsky hakuna. Mtu akikuambia ana mkanda wa Lipatti akipiga koncheto ya Chopin, na kwa kweli inajulikana kwamba alipiga Chopin hiyo jukwaani, unaanza kutetemeka hata kabla ya kuusikiza. Ndivyo EMI ilivyoingia. Hawakubuni jina kutoka hewani, mkanda ulikuwa unafaa kabisa mahali pengo lilikuwa.

Na ukitaka maoni yangu, aliyeonewa zaidi kwa hii stori ni Halina. Huyu hakuwa mpiga piano wa kuokotwa. 1949 alishinda shindano la Chopin la Warsaw, akagawana nafasi ya kwanza na Bella Davidovich wa Muungano wa Sovieti, na kwa raundi za mwanzo majaji walikuwa wamefichwa nyuma ya pazia, wakisikia bila kuona ni nani. Alishinda kwa masikio tu. Halafu rekodi yake ya Chopin inazunguka dunia miaka na miaka, watu wanaililia, na sifa zote zinaenda kwa marehemu. Kazi ikiwa na jina lake ilikuwa rekodi nzuri ya Czechoslovakia. Kazi ileile ikiwa na jina la Lipatti ikawa hazina. Vidole ni vilevile! Ukiwahi kuposti kitu chako na watu wakapita, halafu mtu mwenye jina akakiiba kikawaka, unajua hiyo hasira.

Sitaki kusema mashabiki walikuwa wajinga. Halina alipiga vizuri kiasi kwamba inaweza kukubalika kuwa Lipatti, na hiyo ni sifa hata kama ilikuja kwa njia ya mkato. Lakini inakufanya ujiulize tunasikia nini tukisikiza. Mimi baada ya kusoma hii kitu nilirudi kwa rekodi zake za kweli nikiwa na wasiwasi, nikazisikiza kama polisi. Grieg, sawa. Schumann, sawa. Alborada, hiyo hakuna mwingine.

Uongo ulipofichuka 1981, ile ya kweli nayo ikatokea: tamasha la Zurich la Februari 1950, Lipatti mwenyewe, Ackermann mbele ya okestra. Koncheto ileile ya Chopin. Sauti ya huo mkanda ni mbovu, nakuambia ukweli. Inakwaruza, okestra iko kama imefungiwa chumba cha pili, na ukiweka kando ya ile feki, feki inashinda kwa usafi mbali sana. Lakini sikiza sehemu ya pili, ile ya polepole. Piano inaingia peke yake, na noti moja inachelewa kuja, inachelewa kidogo tu, hadi unainua kichwa.

Sasa kama unataka kuingia, usianze na Zurich, itakuvunja moyo na hizo kelele. Anza na ule wimbo wa Bach wa studio, Julai 1950, ni dakika tatu na kitu. Ukikubamba, nenda walzi za Geneva, zote 14, usiku, na spika za masikio. Kisha Grieg. Jina la kutafuta ni Lipatti, zimejaa kwa YouTube na kila mahali pa kustrimu.

Besançon iweke ya mwisho. Ukifika kwa walzi utahesabu 13 halafu kimya, na ule wimbo wa Bach aliomalizia haumo kwenye albamu. Simu yako haijakata. Ni hapo ilipoishia.